Taiga na Sahani ya Mama Santina

Mimi sikuja Juba kuchunga mbwa. Nilikuja kutafuta riziki, nasimamia wanaofua mashuka katika hoteli moja ya watu wa mashirika, na kwetu Kinangop mbwa ni askari tu: mchana anafungwa, usiku anafunguliwa, anapewa ugali wake ng'ombe wakishakamuliwa, basi. Hakuna kubembelezana. Sasa niambie ilikuwaje mimi, Serah, mwanamke mwenye akili zangu timamu, nikajikuta alfajiri nimeshika kamba yenye mbwa mnene upande wa pili, katikati ya mtaa wa Hai Malakal, watoto wa shule wakinicheka mpaka wanashika mbavu.

Mbwa mwenyewe anaitwa Taiga. Ni wa Mama Santina, mwenye ploti ninapopanga. Mama Santina ni mjane, wa kabila la Bari, wenyeji wa hapa hapa Juba, lakini vita vilimfukuza mara mbili akakimbilia Uganda, mara ya kwanza akiwa mtoto, mara ya pili akiwa na watoto wake mwenyewe. Kiswahili alikiokota huko huko, na hakijui ngeli wala hakitaki kuzijua. Watoto wake walibaki ng'ambo, wengine Kampala, mmoja Australia. Wanapiga simu Jumapili. Siku nyingine zote anayemsikiliza ni Taiga.

Mbwa wa Juba ni wembamba, unaweza kuwahesabu mbavu ukiwa ndani ya gari. Taiga alikuwa mnene. Tena simaanishi amenawiri, la, mnene wa tumbo kupangusa vumbi, shingo imepotelea mabegani, akikaa chini anakaa kwa awamu. Nilipohamia pale nilidhani ana mimba. Mama Santina alinicheka siku nzima.

"Taiga iko mwanaume, binti yangu," akasema. "Na iko na afya. Angalia vile anang'aa!"

Ukitaka kumwelewa Mama, ingia kwake saa ya chakula. Mlango wake haufungwi anapokula. Hata pawe na upepo wa vumbi, haufungwi. Ukipita tu nje anakuita, "Fadal!" maana yake karibu tule, na ole wako useme umeshiba. Muuza maji amekula pale. Mwanamume aliyekuja kusoma mita ya umeme amekula pale. Na Taiga, ambaye hakuwa mpita njia, alikaa kizingitini kila mlo na macho yake yale ya rangi ya chai, akapewa sehemu yake. Asubuhi alipewa shai, chai ya maziwa na sukari ya kutosha kuwashibisha sisimizi, pamoja na mandazi. Mchana ilikuwa kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi wa bamia. Jioni asida, ule ugali wao laini. Na sisi wapangaji, tukiwa tumekula kwa Mama, nani angekuwa na uso wa kumfukuza mbwa wake mlangoni? Wani, kijana wa raksha, yaani bajaji, anayekaa chumba cha pembeni, alikuwa akimletea sambusa kila jioni. Kila mlango ulidhani ni wenyewe tu unaotoa.

Basi ikafika Februari, na lile jua la Juba linalokukumbusha dhambi zako. Nilikuwa nimelala chumbani, siku yangu ya kupumzika, nikasikia Mama anapiga ukelele. Nikatoka na leso moja tu. Taiga alikuwa ameanguka karibu na pipa la maji, ulimi nje, anahema kwa kelele kama msumeno, na Mama amepiga magoti juu yake anamwita kwa Kibari.

"Serah, anakufa! Yeye anakufa, mimi nabaki na nani?"

Niliita Wani, tukambeba yule mbwa sisi wawili, haki ya Mungu mgongo wangu haujapona, tukamtia kwenye raksha pamoja na Mama na jerikeni la maji. Mbio mpaka Kator.

Kule Kator kuna daktari wa mifugo anaitwa Kuol. Ni mrefu kiasi kwamba huinama kuingia ofisini mwake. Alisomea Kenya, Kiswahili chake kina Nakuru ndani, na wateja wake wengi ni mbuzi na ng'ombe. Alipomwona Taiga hakuuliza habari za asubuhi. Alimlaza sakafuni kwenye saruji, akammwagia maji ya kawaida tumboni na kwenye nyayo, akanipa katoni nimpepee.

"Leteni barafu!" Wani akasema.

"Hapana. Barafu inaifunga ngozi, joto linabaki ndani. Maji haya haya yanatosha. Pepea, dada, usichoke."

Nilipepea mpaka mkono ukafa ganzi. Polepole ile sauti ya msumeno ikapungua, Taiga akafungua macho, na kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa Mama. Mama akafunika uso kwa lawa yake, lile shuka la kufunga begani, akalia.

Kuol akasubiri amalize. Kisha akamshika mkono, akauweka ubavuni mwa Taiga. "Mama, bonyeza hapa taratibu. Unasikia mbavu?"

"Hapana sikia."

"Hata mimi sizisikii. Sasa pitisha kidole hapa nyuma ya mkono wako mwenyewe. Unasikia mifupa ilivyo karibu? Mbwa mwenye afya anatakiwa awe hivyo. Huyu amezungukwa na mafuta mpaka moyoni. Moyo unafanya kazi ya mbwa wawili, na jua ndio hili."

"Lakini anakula vizuri, daktari."

"Anakula vizuri mno. Mama, nisikufiche. Akiendelea hivi, mvua hazitamkuta."

Nilimwona Mama akilimeza lile neno. Daktari akamweleza taratibu, kwa heshima, maana alikuwa akiongea na mtu wa rika la mama yake. Shai na sukari basi, mandazi basi. Mchuzi wenye vitunguu usimguse kabisa, vitunguu ni sumu kwa mbwa hata kama yeye mwenyewe anavipenda. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia usimpe, inapasuka vipande vikali inamchoma tumbo. Ale asubuhi na jioni, kiasi cha viganja viwili, na maji safi yawe kivulini siku nzima. Atembee kila siku, lakini alfajiri, kabla ardhi haijapata moto. "Weka mgongo wa mkono wako barabarani. Ukishindwa kuuacha hapo, na yeye hawezi kukanyaga." Akamchoma sindano ya kichaa cha mbwa ambayo Taiga hakuwahi kupata, akatoa kupe masikioni, akampa dawa ya minyoo.

Mama alisikiliza yote. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Na akiangalia mimi nakula?"

"Funga mlango, Mama," Kuol akasema, akacheka. "Asipoona hataomba."

Mama hakucheka. Aliangalia mikono yake mpaka tukafika nyumbani.

Jioni ile nikaitisha mkutano wa ploti. Hakuna aliyenichagua mwenyekiti, nilijichagua. Nikasema kuanzia leo, atakayempa huyu mbwa hata punje ya wali atanijua mimi ni nani. Wani akakiri sambusa. Akina mama wa chumba cha nyuma wakakiri vichwa vya samaki. Kila mmoja aliposikia mwenzake alishika mdomo. "Kumbe!" "Hata wewe?" Tukacheka, halafu tukaacha kucheka, maana Taiga alikuwa amelala pale katikati yetu akipumua kwa shida.

Ndipo tukaanza zile safari za alfajiri, mimi na Mama, kwa sababu magoti yake hayangeweza kumvuta mbwa peke yake. Ai, jameni, Juba nzima ilitoka kutazama. Hakuna mtu hapa anayemtembeza mbwa kwa kamba. Mbwa anajitembeza mwenyewe. Mwanamume mmoja wa boda akasimamisha pikipiki akamwita Mama haboba, yaani bibi, akamuuliza, "Haboba, hii mbwa unapeleka soko? Unauza?"

"Mimi nauza wewe," Mama akamjibu. "Lakini nani atanunua?"

Wenzake wakamzomea mpaka akawasha pikipiki akaenda. Nilianza kuzipenda zile asubuhi, na mimi si mtu wa kupenda vitu ovyo. Tulipita polepole kuelekea upande wa Nyakuron, Mama akinionyesha nyumba ya nani ilikuwa wapi kabla ya vita, Taiga akinusa kila jiwe kama mkaguzi wa serikali. Akichoka tulisimama. Mama alimpa maji kwenye kiganja.

Lakini wiki zikapita na mbwa hapungui. Tumbo lile lile. Nikaanza kumshuku Wani, nikamkagua mpaka ndani ya raksha, maskini, akaapa kwa jina la mama yake. Kisha siku moja jenereta la hotelini likaharibika, wakaturudisha nyumbani adhuhuri. Nikaingia ploti kimya, si kwa kunyemelea, ni uchovu tu. Na nani namwona nyuma ya jiko? Mama Santina, amechuchumaa, anamlisha Taiga asida iliyochanganywa na karanga, tonge baada ya tonge, kwa mkono wake.

Hasira yangu naijua. Ikipanda haipigi hodi.

"Mama! Unafanya nini? Sisi tunaamka kiza kwa kiza, tunachekwa na mji mzima, mimi na Wani tumekosana, kumbe ni wewe! Unamuua huyu mbwa, Mama! Unamuua kwa mkono wako mwenyewe! Mchelea mwana kulia hulia yeye, hukusikia daktari alivyosema? Unataka tumzike hapo chini ya ukuta?"

Mama aliinuka kwa shida akishikilia ukuta. Nilitaka anijibu, anitukane hata, yeye ni mkubwa na nyumba ni yake. Yeye akawamwagia kuku ile asida iliyobaki.

"Sawa," akasema. "Nimesikia. Mimi hapana mpa tena."

Na kweli hakumpa tena. Mungu ni shahidi. Nilimlinda kama polisi nikaona kwa macho yangu. Taiga alipewa viganja vyake viwili asubuhi na viwili jioni, na akaanza kupungua. Shingo ikatokea. Kiuno kikatokea, tukashangilia siku tulipokiona, Wani akapiga honi ya raksha. Machi ilipokaribia kwisha tukampeleka tena Kator. Kuol akapitisha mkono ubavuni, akasikiliza moyo muda mrefu akiwa amefumba macho, akatabasamu.

"Mbavu hizi hapa. Moyo umetulia. Mama, umefanya kazi. Endelea hivi hivi, huyu ataishi miaka. Ukirudi nyuma tu, moyo hautavumilia mara ya pili."

Nilijipigapiga kifua njia nzima. Nilimwambia Wani, mimi ningekuwa daktari. Mama alikaa kati yetu, Taiga mapajani, akitabasamu kidogo na kumshika masikio. Sikumtazama vizuri. Nilikuwa namtazama mbwa.

Asubuhi ya Jumamosi iliyofuata tukiwa matembezini, Mama akakaa chini. Hapo hapo barabarani, kwenye vumbi. Nikadhani ni magoti. Nikamshika mkono nimwinue, na ile bangili yake ya shaba, ambayo siku zote ilikuwa imekaza haitoki, ikateleza ikashuka mpaka vidoleni. Nikaishika isianguke. Mkono wake haukuwa na uzito.

"Mama, unaumwa?"

"Ni joto."

Joto gani, alfajiri? Nilimrudisha nyumbani akiniegemea, nikamlaza, nikamchemshia uji. Akasema ataunywa baadaye. Nikatoka nje nikamkuta Wani ameegemea raksha yake, hajaenda kazini, anapangusa kioo kilichokuwa safi tayari.

"Sista Serah," akasema, "mimi nafikiri Mama iko na shida. Yeye ananipa chakula yake."

"Si huwapa watu wote?"

"Hapana. Si kidogo. Anapika, anaweka kwa sahani, ananiita, ananipa sahani yote. Kila mchana, mimi nikirudi. Anasema ameshakula. Mimi nafikiri ni upendo." Akainamisha kichwa. "Jana nimeangalia sufuria. Sufuria iko tupu. Yeye amekula saa ngapi?"

Nikazirudisha nyuma zile wiki zote: mara ngapi nimepita mlangoni kwake akaniita "fadal" na kuninyooshea sahani, na yeye mwenyewe ana kikombe cha chai tu? Mimi nilikuwa nahesabu matonge ya mbwa. Mama mzima alikuwa anaisha mbele ya macho yangu na sikumwona.

Niliingia kwake bila hodi. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, uji haujaguswa, na Taiga amekaa kizingitini akimtazama. Nilikuja na hasira, siwezi kudanganya, hasira ndiyo miguu yangu. Lakini nilipofika mbele yake ikanitoka yote, nikakaa sakafuni.

"Mama. Kwa nini huli?"

Nikangoja, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Hatimaye akaonyesha mlango kwa kidevu.

"Wewe unaona vile anaangalia?"

"Naona."

"Mimi najua kuangalia hiyo. Mimi nalikuwa nayo." Akavuta lawa yake mabegani. "Ile vita ya kwanza, tunafika Uganda, mimi mtoto kidogo hivi. Mama yangu iko mgonjwa, hapana weza lima. Mimi nasimama mlango ya watu wakikula. Siombi, nasimama tu. Wengine wanasema kuja. Lakini iko nyumba moja. Kila siku yule mwanamke akiniona, anafunga mlango. Mimi nabaki nje, nasikia kijiko kwa sahani. Mpaka leo nasikia. Nikaambia Mungu, siku nikipata nyumba yangu, mlango hapana fungwa. Mtu iko na macho, hapana simama hapo kuniangalia na mimi nakula peke yangu. Nimeambia Mungu hivyo, Serah. Sasa daktari anasema funga mlango."

"Angejua asingesema, Mama."

"Nikimpa, anakufa. Nikila na nikimnyima, mimi iko yule mwanamke. Nikifunga mlango, mimi iko yule mwanamke kabisa. Basi nikaona rahisi ni hii. Kama mimi hapana kula, sisi wote sawa."

Ee Mungu wangu. Roho iliniuma. Nilikumbuka vile nilivyompigia kelele nyuma ya jiko, unamuua kwa mkono wako. Nikamshika ile miguu yake iliyokauka nikamwambia, Mama, nisamehe. Akanipapasa kichwa kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

"Lakini Mama," nikasema, "Taiga hana njaa. Amekula leo asubuhi, nimemwona, sahani ameilamba. Yeye si wewe ulivyokuwa."

"Macho hapana sema kama tumbo imeshiba."

"Na ukifa wewe, atamwangalia nani?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Niliona limemwingia. Akamtazama Taiga, Taiga akatikisa mkia mara moja sakafuni.

Nikainuka. Nikaenda jikoni mwake nikasonga asida, kwa mkono wa Kinangop, ikawa ngumu kama ugali, hilo nakubali. Nikapika samaki mkavu kwa mchuzi wa karanga. Nikaviweka kwenye sinia moja mbele yake, nikamshusha kitandani nikakaa naye mkekani, mlango wazi kabisa, jua linaingia mpaka katikati ya chumba. Taiga akasogea akakaa karibu, masikio yamesimama.

"Tutakula," nikamwambia. "Mimi na wewe. Mlango haufungwi, na yeye hafukuzwi. Akae hapa hapa. Na hatumpi."

"Mimi hapana weza."

"Utaweza. Mimi niko hapa."

Alikata tonge. Taiga akainua kichwa. Mkono wa Mama ukasimama njiani, kisha ukaanza kugeuka kwenda kwake, wenyewe, kama ulivyozoea. Nikaushika kifundo, taratibu, sikuuvuta. Tukakaa hivyo.

"Malesh," Mama akamwambia mbwa, maana yake samahani. "Malesh, Taiga. Malesh, mtoto yangu."

Akalipeleka lile tonge mdomoni. Alitafuna machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, na mimi niliendelea kula ili asile peke yake. Kila tonge alisema malesh. La pili, la tatu. Baadaye akawa hasemi, anakula tu, na nikaona njaa yenyewe imeamka, ile njaa aliyoikalia wiki zote, anakata matonge makubwa, anachovya mchuzi. Sikuwa nimewahi kuona mtu akila kwa huzuni na kwa utamu kwa wakati mmoja. Alikula mpaka sinia ikabaki na mafuta tu, akaipangusa kwa kidole.

Kisha akajikaza, akaigeuza ile sinia kumwelekea mbwa, kama mtu anayetaka kukiri kosa lake. "Angalia. Imekwisha. Hapana kitu."

Taiga hakuitazama. Mama akaisogeza upande wa kushoto. Macho ya Taiga hayakuifuata. Akaiweka nyuma ya mgongo wake kabisa, nikadhani sasa mbwa atazunguka kuitafuta. Hakuzunguka. Alijikokota akaja akaweka kidevu juu ya mguu wa Mama, akashusha pumzi, na akaendelea kutazama juu vile vile kama alivyokuwa akitazama tangu mwanzo.

"Serah," Mama akasema. "Sahani hapana. Sasa anaangalia nini?"

Hakungoja jibu. Alikuwa ameinama, uso wake karibu na uso wa mbwa, anamchunguza.

"Mimi, mlango ile, nilikuwa naangalia chakula," akasema polepole. "Yule mwanamke, hata sura yake mimi hapana jua. Miaka yote hii. Nimeangalia mkono yake na sufuria tu. Sura, hapana." Akamshika Taiga kidevu. "Huyu anaangalia sura yangu."

Akamkuna nyuma ya masikio. Hakumpa kitu kingine. Taiga alifumba macho, mkia ukipiga mkeka taratibu, na Mama akabaki pale ameinama hivyo hivyo, mikono yake ikinuka samaki, akimwambia kwa Kibari maneno ambayo mimi siyajui. Nikachukua sinia nikatoka nje kuiosha. Niliiosha muda mrefu sana, mpaka Wani akaniuliza kama maji ya ploti nayalipa mimi.